Nusu Yangu ya Barabara

Jumatatu, 9 Januari

"Baridi ikishapita nyuzi hamsini, trekta la dizeli likizimika halifufuki mpaka Machi. Barabara inayotegemea trekta moja si barabara. Kwa hiyo Talahtah iondolewe kwenye orodha ya barabara za majira ya baridi, na wakazi wake wasaidiwe kuhama." Gazeti la wilaya, ukurasa wa tatu. Ameandika Arkady Nogovitsyn, naibu mkuu wa wilaya.

Upuuzi! Likizimika — nani kamwambia litazimika? Nililiwasha tarehe tatu Desemba na halijanyamaza hata dakika moja. Wiki ya sita hii. Linanguruma nyuma ya ukuta ninaouegemea nikiandika. Kipimajoto dirishani kinasema hamsini na moja. Chini ya sifuri, lakini Januari hapa hakuna anayejisumbua kulitaja hilo. Hakuna mtu mwenye akili anayezima injini kabla Fahali wa Baridi, yule wa hadithi za wazee, hajavunjika pembe zote mbili na baridi ikaanza kulegea. Arkady analijua hilo. Kazaliwa hapa hapa Talahtah, nyumba ya tatu kutoka hii.

Na si trekta moja. Ni mawili. Kutoka hapa mpaka Kuobah, kwenye barabara kuu, ni kilomita sitini na mbili. Mimi nasafisha theluji thelathini na moja za kwanza, mpaka Mti wa Vitambaa. Spiridon, shemeji yangu, mdogo wake Marfa mke wangu, muuza mafuta wa Kuobah, anasafisha thelathini na moja za upande wake. Tunakutana mtini, tunakunywa chai, kila mtu anageuza. Miaka kumi na minne. Hiyo ndiyo barabara ambayo Arkady anasema haipo.

Nilimfundisha historia miaka sita. Nilimfundisha kwamba "kwa hiyo" ni neno zito. Hakushika.

Tume ya wilaya ya kukagua barabara inakuja Jumanne, tarehe 24. Ikifika kwa gari lake lile la ofisi, tunabaki kwenye orodha. Isipofika — hakuna gari la mkate, hakuna nesi, hakuna posta. Nyumba kumi na moja. Kufikia vuli ijayo zitabaki nne. Halafu yangu.

Jibu limeshakwenda gazetini. Maneno mawili: "Njooni. Mtapita."

Jumanne, 10 Januari

52. Nimesafisha mpaka mtini na kurudi. Masaa tisa na nusu barabarani. Tairi zilikuwa zimeganda usiku, asubuhi ni za pembe nne, kilomita tano za kwanza nimerushwa kama viazi kwenye gunia.

Spiridon alikuwa ameshafika, moshi wa trekta lake umesimama wima kama nguzo. Mimi huleta vikombe, yeye huleta chai. Ndivyo ilivyo tangu mwanzo.

"Shemeji, naona gazeti limekutafutia kazi."

"Mimi ndiye nitakayelitafutia gazeti kazi."

Akacheka. Akachana utepe kwenye kitambaa chake cha mfukoni, akaufunga tawini pamoja na mamia mengine yaliyopauka. Madereva wote wanafanya hivyo, njia iwe ya heri. Akaninyooshea kipande.

"Funga na wewe. Hakuna anayekuona."

"Najiona mwenyewe."

Mwaka juzi niliandika makala nzima dhidi ya vitambaa vile. Kurasa mbili! Nilisema watu waliokwisha kujenga vinu vya umeme wanaomba ruhusa ya kupita kwa mti. Makala nzuri. Marfa aliisoma, akaikunja, akairudisha mezani.

Jumatano, 11 Januari

51. Mama Ogdo, jirani, miaka sabini na tisa, ng'ombe wanne, amekuja na chapati zake nene za maziwa. Moja akanipa mimi. Moja akaitia jikoni, sadaka ya moto. Ya tatu akatoka nayo nje.

"Mama, trekta halili."

"Na wewe ulikuwa huli, ulipoachishwa ziwa. Tukakufundisha."

Ameiweka juu ya boneti, chini ya lile blanketi la ngozi ya farasi. Baadaye nimeila mwenyewe. Ilikuwa ya moto.

Nyumba imekuwa kubwa tangu Marfa aondoke. Nimehamisha kitanda chumba cha nyuma, upande trekta lilipo. Ukuta wa kaskazini nimeupangia vitabu vya maktaba ya shule, elfu moja na mia mbili. Shule ilipofungwa Mei walitaka kuvichoma. Sasa vinazuia baridi. Kazi kubwa kuliko viliyoifanya kwa Arkady.

Mngurumo unapita kwenye vitabu. Ninalala vizuri nikiusikia.

Alhamisi, 12 Januari

Marfa amepiga kutoka mjini. Anapika kwenye shule ya watoto wadogo. Watoto mia na ishirini, anasema, na wote hawapendi kabichi. Anakaa na binti yetu, ghorofa ya saba. Maji yanatoka ukutani. Ameuliza kama ninakula. Ninakula. Kama nimemletea Mama Ogdo nyasi za ng'ombe. Nimeleta. Akaanza, "Gavril, nilitaka kukuambia, yale mapipa ya kando ya zizi—" hapo nikamkumbuka Arkady, nikamsomea makala yake yote, na jibu langu, na mambo ambayo sikuyaweka kwenye jibu langu.

Alisikiliza. Halafu mtoto alilia huko na akasema tutaongea baadaye.

Nimesema vizuri sana leo. Pasipo kuwa na mtu wa kusikia, isipokuwa yeye.

Jumamosi, 14 Januari

54! Ukungu umeshuka, sioni nyumba ya Mama Ogdo, naona moshi wake tu.

Dizeli ya mapipa ya mlangoni imekwisha. Jana niliviringisha jipya kutoka kando ya zizi, nikalilaza chumba cha nje chenye jiko, maana pampu ya mkono inaganda usipofanya hivyo. Leo nimejaza tanki mpaka juu. Nikiviringisha lile pipa nilipata sentensi ya kumalizia makala ndefu ninayomwandikia Arkady. Nimeiandika kwenye kiganja cha glovu kwa chaki.

Siku kumi zimebaki.

Jumapili, 15 Januari

Kimya kimeniamsha.

Saa kumi na mbili asubuhi, giza. Sikujua ni nini kimeniamsha. Nilidhani nimekufa, kweli kabisa, nilifikiri: kumbe ndivyo kulivyo. Halafu nikasikia saa ya ukutani. Sijaisikia saa ile tangu Desemba.

Nikatoka na viatu visivyofungwa. Injini bado ina uvuguvugu, imetoka kuzimika. Nimefungua filta ya dizeli. Ndani: mafuta yaliyoganda, meupe, kama ya kondoo kwenye sahani iliyoachwa. Nimeyachota kwa kidole!

Dizeli ya kiangazi. Ile inayoganda vuli tu ikiingia. Mtu ameniuzia dizeli ya kiangazi Januari!

Na nani ananiuzia dizeli? Novemba Spiridon alileta mapipa matano. Aliyashusha mwenyewe. Nani anampa Spiridon kibali cha kuuza mafuta? Wilaya. Nani wilayani anataka barabara hii ife kabla ya tarehe 24? Haya ni mambo ambayo nimeyafundisha miaka ishirini na minne. Ngome haivunjwi kwa nje, mlango hufunguliwa na mtu wa ndani.

Nimeandika. Saa nzima, bila kufuta neno. "Pipa la Msaliti." Nimeipeleka gazetini, na nimeiweka kwenye kundi la wilaya kwenye simu, watu elfu tatu. Jina lake nimelitaja. Nani mwingine angethubutu!

Kufikia mchana watu mia nne wameweka kidole gumba juu.

Nje, injini imekwisha kupoa. Nimeweka mkono. Inauma kama jiko.

Jumatatu, 16 Januari

55. Spiridon amepiga saa mbili asubuhi. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Shemeji, umeandika wewe?"

"Nimeandika mimi."

"Mimi nimekuuzia dizeli ya kiangazi?"

"Filta imesema, si mimi."

"Miaka kumi na minne nimekuletea chai pale mtini." Akavuta pumzi. "Sawa. Basi safisha yote mwenyewe. Upande wako na wangu. Una wino wa kutosha."

Akakata.

Arkady naye kaandika kwenye kundi. Kwa adabu, ndiyo inayoniua. "Pole sana, Mwalimu. Ni kama nilivyoeleza kwenye makala. Tume itakuja kama ilivyopangwa." Vidole gumba kwenye makala yangu vimefika mia sita.

Saa kumi amepiga Marfa. Amesema sentensi moja: "Umemwita ndugu yangu mwizi mbele ya watu wote." Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na majibu matatu. Simu ilikuwa imekatika.

Jumanne, 17 Januari

56. Nimelichokoa tanki kwa kijiko. Nimeosha filta kwa petroli. Nimechemsha dizeli ile ile kwenye ndoo nikaimwaga tena — nikiimimina inatiririka, ikifika kwenye bomba inasimama. Tochi ya petroli, inatema moto urefu wa mkono, nimeipitisha kwenye mabomba yote. Ukisogea nayo mbele, nyuma panaganda. Kipande cha chuma cha boneti kimevunjika mkononi kama biskuti.

Betri nimeileta ndani, iko kando ya kitanda. Zamani tulikuwa tunaleta ndama hapo, wakizaliwa Februari. Marfa alikuwa anawapa majina. Leo nimejikuta naizungumzisha betri. Nimeieleza kuhusu tume. Haikubisha. Mpinzani wa kwanza kukubali.

Jumatano, 18 Januari

57. Hapana. Haliwaki.

Alhamisi, 19 Januari

Niandike hili polepole.

Asubuhi nilikuwa uani, nimepiga magoti chini ya injini, Mama Ogdo akaja anatafuta barafu ya kuyeyusha maji ya kunywa. Zangu nimezipanga karibu na mlango, zake zimekwisha na hana wa kumkatia ziwani kwa sasa. Nikampakilia mbili kwenye sledi yake ya mkono. Akasimama akiangalia mapipa ya kando ya zizi.

"Marfa hakufunga vitambaa mwaka jana?"

"Vitambaa gani?"

"Vyekundu."

"Mama, usinianzie habari za vitambaa leo."

Akanitazama jinsi anavyomtazama ng'ombe aliyepotea njia ya kwake.

"Kila Agosti," akasema. "Tukimaliza nyasi. Mafuta yanayobaki kwenye mapipa ya shambani anayafunga kitambaa chekundu, pale kwenye mfuniko. Ili majira ya baridi mtu asikosee akachukua ya kiangazi. Mimi mwenyewe nimemshikia mkasi. Mwaka jana alishaondoka Julai."

Nikasema hapana, mafuta haya kaleta Spiridon. Akasema ya Spiridon yako nyuma ya ghala. Yeye alikuwepo. Spiridon aliyashusha, akaja mlangoni akaniambia, na mimi nilikuwa ninasoma, nikamwambia "sawa sawa" bila kuinua kichwa.

Nikaenda nyuma ya ghala na koleo. Theluji kiunoni. La kwanza nililigonga kwa mpini. Nikaegemea nikalisukuma.

Likasema: chubwi.

Nyuzi hamsini na tano, na ndani yake dizeli inacheza kama maji ya bwawani! Mapipa matano. Yote yamejaa. Nikarudi kando ya zizi nikalisukuma lile lililobaki. Kimya. Zito kama jiwe, kimya. Na lile la Ijumaa, nililoliviringisha uani kote mpaka ndani — nalo lilikuwa kimya. Mtoto yeyote wa hapa angesikia kwamba halisikiki. Nilikuwa ninatunga sentensi.

Miaka ishirini na moja nimekuwa nikichukua pipa lisilo na kitambaa bila kujua kwa nini mkono wangu unakwenda huko. Vile vyekundu niliviona. Kila mwaka niliviona! Nilidhani ni yale yale ya mtini. Nilidhani anaomba, anayapa mapipa bahati. Niliviona nikanyamaza, nikajiona mtu mkubwa kwa kunyamaza. Halafu nikaandika kurasa mbili.

Ijumaa, 20 Januari

49. Limewaka!

Nimeanza saa kumi na moja asubuhi. Nimelifunika lote na turubai la hema na magodoro mawili, nikaweka chini yake karai la makaa. Oili niliitoa jana, nikaichemsha ndani jikoni mpaka ikatoa moshi, nikakimbia nayo. Maji ya moto kwenye rejeta — ndoo ya kwanza ikatoka chini ikiwa tope la barafu, ya pili ikatoka baridi, ya tatu ikatoka vuguvugu, ya nne nikafunga. Tanki nimelisafisha kwa petroli, nikatia dizeli ya Spiridon. Dizeli ya Spiridon. Niandike tena: dizeli ya Spiridon.

Halafu ile injini ndogo ya petroli inayoamsha kubwa. Kamba. Mara thelathini nimevuta. Kope zimegandana, napasua kwa vidole. Mama Ogdo amekaa kwenye sledi yake, kajifunika mpaka macho, ana sufuria ya samli.

"Vuta! Au unamtekenya?"

Mara ya thelathini na moja ikapiga kelele, ile ndogo, kama nyuki kwenye kopo. Nikaipa dakika kumi. Nikaiunga na kubwa. Ikaguna. Ikaguna. Moshi mweusi, moshi wa kijivu — halafu ile sauti. Mama Ogdo alitupa kijiko kizima cha samli kwenye makaa na akalia. Mimi sikulia. Machozi ya hapa yanagandia machoni, ni hatari.

Likizimika halifufuki mpaka Machi! Andika hilo, Arkady.

Lakini sina pa kuliandika mimi. Kila ninayetaka kumwambia nimemtukana.

Jumamosi, 21 Januari

38. Joto! Watu wametoka bila kofia. Na joto limeleta lile tunaloliogopa: upepo, na theluji tangu alfajiri. Kwenye uwazi wa ziwa, kilomita ya ishirini, lazima imeshafika magotini. Heri hamsini na saba.

Haitasafishika leo wala kesho mpaka itulie. Jumatatu basi. Upande wangu nitaumaliza. Upande wake?

Mama Ogdo: "Umempigia Spiridon?"

"Bado."

"Unangoja nini?"

"Natafuta maneno."

"Wewe? Maneno?" Alicheka mpaka akakohoa, nikampa maji.

Nimejaribu. Rasimu nne ziko hapa mezani. Ya kwanza inaanza na "Ingawa". Ya pili inaeleza kwamba hali ya kisiasa wilayani ilifanya tuhuma ile iwe ya kuaminika. Ya tatu inamshambulia Arkady kuanzia mstari wa tano. Ya nne ni fupi, lakini inasema "kama nilimuudhi mtu." Kama! Wanafunzi wangu ningewapa sifuri.

Mtandao upo wakati wote. Vijiti vitatu kwenye simu. Nimeviangalia mara nyingi.

Jumapili, 22 Januari

Theluji. Nimekaa. Trekta linanguruma. Nilidhani nikilisikia tena nitalala. Sikulala.

Jumatatu, 23 Januari. Mtini

Naandika kwenye kebini, magotini. Saa nane na robo mchana. Jua liko juu ya miti kidogo tu, litazama muda si mrefu. 41.

Nimetoka saa kumi na moja alfajiri. Ziwani nimekwama mara mbili, nimechimba kwa koleo. Lakini nusu yangu imekwisha. Kilomita thelathini na moja, safi, upana wa magari mawili. Nimegeuka nikaiangalia. Kama ningekuwa naamini katika kitu chochote ningeshukuru.

Mbele ya mti: nyeupe tupu. Hakuna alama. Hata sungura hajapita. Sijawahi kufika hapa nikakuta upande ule haujaguswa. Hata mwaka ule mke wa Spiridon alipozaa, Spiridon alikuwa ameshapita.

Nimezoea, kwa hiyo nimeteremka na vikombe. Viwili. Nimeviweka juu ya boneti kama kawaida, ndipo nikakumbuka mwenye chai ni yeye. Nimesimama hapo muda mrefu na vikombe vitupu, upepo unavigonganisha.

Vitambaa vinapeperuka. Sasa naviangalia kwa jicho lingine. Labda kila kimoja kilikuwa ni mtu akimwambia mwenzake jambo, na mimi nikapita nikihesabu ujinga wao.

Hali ilivyo. Dizeli: inatosha kurudi nyumbani. Au inatosha kwenda mbele, theluji hii nzito, labda mpaka Kuobah, labda mpaka kilomita ya hamsini. Haitoshi vyote viwili. Hapa hakuna mtandao. Mtandao unapatikana juu ya kilima cha kilomita ya arobaini, ndani ya nusu yake, kilomita tisa mbele. Tume inaondoka Kuobah kesho saa tatu asubuhi. Gari la ofisi. Halivuki theluji hii hata mita mia.

Juzi nilikuwa na vijiti vitatu vya mtandao na moyo sina. Leo kinyume chake.

Nikirudi, nitakuwa nimesafisha nusu yangu na nitakuwa na hoja: mimi nilitimiza, yeye hakutimiza. Hoja nzuri sana. Ningeweza kuishi nayo peke yangu, katika nyumba ile, na vitabu elfu moja na mia mbili.

Nakwenda mbele.

Haya nayaandika sasa wakati mkono bado unashika kalamu, nitayapiga picha na kuyatuma nikifika kilimani, kama yalivyo. Sitayasoma upya. Nikiyasoma nitaongeza "ingawa".

Wasomaji wa gazeti na watu wa kundi la wilaya. Mimi Gavril Sleptsov wa Talahtah niliandika kwamba Spiridon ameniuzia dizeli ya kiangazi. Ni uongo. Dizeli ilikuwa yangu, ya Agosti, nikaitia mwenyewe. Yake ilikuwa nyuma ya ghala langu na ni nzuri, ndiyo inayowaka sasa hivi. Ninyi mia sita na zaidi mlioweka kidole gumba kwenye uongo wangu: rudini mkakiondoe, halafu mwende dukani kwake mkamwambie kwa mdomo. Mhariri, weka hili ukurasa wa tatu, herufi zile zile.

Watu wa tume, na wewe Arkady. Ulikuwa sahihi kwa jambo moja: trekta moja si barabara. Usilifurahie, sikiliza mpaka mwisho. Kesho msikae ofisini kungoja kuambiwa njia imefungwa. Saa tatu pandeni gari mje mpaka mtakapokuta theluji. Mkinikuta nimekwama, shukeni na koleo. Arkady, wewe unajua koleo linashikwaje. Umezaliwa hapa.

Marfa. Alhamisi ile ulikuwa unasema "yale mapipa ya kando ya zizi" na mimi nikakukata. Nipigie. Sema mpaka mwisho. Ukimaliza, sema na yale mengine niliyokukata miaka yote. Nitanyamaza.

Shemeji Spiridon. Jua linazama, na mimi nimeshaingia nusu yako. Vikombe ninavyo, viwili. Sikuombi unisamehe leo, hakuna nafasi, kuna kilomita thelathini na moja. Toa trekta. Njoo unitukane ana kwa ana, kwa sauti, ukitokea upande huo.